Mtambo wa Simu ya Upepo Uani kwa Mama Mkwe

Nilirudi kutoka Burma na koti la jeshi na uongo mmoja. Koti liliisha viwiko mapema. Uongo ulidumu miaka.

Ulipozaliwa haukuwa mkubwa. Watu wa Temeke waliniuliza vitani nilifanya kazi gani, nikajibu, "Simu ya upepo." Ilikuwa kweli tupu. Nilikuwa katika kikosi cha simu ya upepo. Nilichokiacha ni kwamba kazi yangu ilikuwa kubeba betri. Zilikaa mbili katika kasha la mbao mgongoni mwangu, nami nikamfuata nyuma nyuma mtu aliyejua mtambo, na kila aliposimama nikachuchumaa ili achomeke waya zake. Nilikuwa meza yenye miguu. Lakini msikilizaji akisikia "simu ya upepo" anajijengea mwenyewe, na mie sikuona sababu ya kumbomolea.

Uongo huo uliniposea mke. Mama yake, mjane wa hapo hapo Temeke, aliwakataa wachumba wawili kisha akanikubali mie kwa kuwa alisikia ni fundi. Nikahamia kwake, kwenye chumba cha uani, kwa muda tu, mpaka nijenge. Uongo huo huo ukanipatia kazi kwa Mgoa mmoja aliyekuwa na duka la kutengeneza redio mjini. Huyo alikuwa mjanja zaidi ya mama mkwe. Alinipa lehemu nichomee, akatazama mkono wangu unavyotetemeka, kisha akanipa ufagio. Nilifagia mwaka mzima. Kwa macho yangu mawili nilijifunza mengi, na kugonga nukta na vistari, zile alama za kupeleka maneno hewani, nilikuwa najua tangu vitani, kwa kusikia. Lakini meza ya fundi, ile iliyokaa dirishani penye mwanga, sikuikalia hata siku moja. Fundi wake alipohamia Mombasa, meza ikabaki wazi. Kila nikipita na ufagio nilikuwa naifuta vumbi mara mbili.

Bwana yule mwenye duka alikuwa na mchezo wake wa mtu mzima. Kwa leseni ya serikali aliruhusiwa kuongea hewani na watu wengine wenye mchezo huo huo, wa Nairobi, wa Bombay, wa mahali ambapo hatafika kamwe. Hawakuuziana kitu. Walisalimiana, wakaelezana hali ya mawingu, wakasifiana mitambo, wakaagana. Nilimwona kama mtu aliyekosa baraza. Baadaye nilimwelewa, maana baraza yake ilikuwa kubwa kuliko zetu zote.

Redio yake ilikuwa ndogo na sauti yake ilikuwa mnong'ono. Basi akanunua mnadani amplifaya kuukuu ya jeshi, sanduku la kijani la kubebwa na watu wawili, ambalo kazi yake ni kuupokea mnong'ono na kuutoa kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Dukani haikufaa, kwa sababu karakana za jirani zilitia kelele hewani kutwa. Alitaka mahali pa wazi penye minazi ya kufungia waya. Kabla hajamaliza kusema nikajibu kwamba uani kwetu kuna minazi miwili, na kwamba mambo kama hayo Burma nilikuwa nayafanya nikiwa nimefumba jicho moja.

Akaomba kibali kwa maandishi, akakipata, tukakipigilia ukutani kwa misumari minne. Jenereta la petroli tukaliweka nje ya ua, mtambo, yaani redio yake na amplifaya, kwenye baraza ya nyuma. Kisha akaniambia anakwenda Lindi wiki tatu kuanzisha duka la pili, na atachukua redio nyingine huko.

"Jumamosi ya mwisho, saa kumi kamili alasiri, uniite," alisema. "Nikikusikia vizuri, meza ni yako. Nisipokusikia, namleta mpwa wangu kutoka Unguja. Si ulisema unajua?"

"Najua, bwana."

Shida ya amplifaya ile ilikuwa valvu zake, yaani zile chupa za kioo zinazowaka ndani. Zilifanya kazi mbili mbili, bega kwa bega, na ilibidi zilingane nguvu. Moja ikiwa mvivu, mwenzake hubeba mzigo wote, bamba lake la ndani linaiva likawa jekundu kama kaa, na mwisho hufa. Bwana aliniachia boksi la valvu kuukuu kumi na moja. Niliziandika nambari kwa rangi nyeupe, nikaanza kuzijaribu kila jozi kutafuta inayopatana. Ukishapata jozi ndipo unatyuni: unazungusha kifundo cha kwanza mpaka sindano ya mita ianguke, unazungusha cha pili mpaka ipande kidogo, unarudi cha kwanza. Kwenye waya unaopanda minazini nilifunga globu ya tochi. Ikiwaka sana, nguvu inatoka. Ikififia, unajisumbua bure.

Mtambo ulihitaji pia waya wa pili, wa kushuka ardhini. Bwana alisema nichimbie nondo ya shaba kwenda chini kadiri ya urefu wangu, mahali pazuri. Ua wetu ulikuwa umeshindiliwa kwa miaka ya miguu na mifagio, mgumu kama sakafu, na kilikuwa kiangazi. Nilipiga nyundo mara nne mahali pa kwanza nikachoka. Pembeni, karibu na mtungi wa maji, palikuwa na jiwe ambalo mama mkwe alikalia kutawadha. Hapo nondo iliingia kama kisu kwenye muhogo uliochemshwa. Nikajisifu kwa kuchagua mahali pazuri. Uvivu ndio ulionichagulia.

Sasa nieleze adabu ya nyumba ile, maana ndiyo iliyoniponza. Mama mkwe na mkwewe wa kiume hawazoeani. Mie nikimwona anatoka chumbani, nainamisha macho. Yeye akiniona, anavuta kanga usoni na kupita ukutani. Kwa siku maneno yetu ya moja kwa moja yalikuwa mawili tu, shikamoo yangu na marahaba yake. Mengine yote yalipita kwa mke wangu, hata tukiwa hatua tatu tu. "Mwambie mumeo kuku wangu hawatagi kwa sababu ya hilo jenereta." "Mwambie mama nitalisogeza." Mke wangu alikuwa katikati akichambua mchele, wala hakuinua kichwa.

Wiki ya kwanza nilikuwa mfalme. Siku ya pili tu, valvu tatu na tano ziliwasha globu ikang'aa. Nikazima, nikaenda kujitangaza barazani kwa wanywa kahawa. Niliporudi baada ya saa mbili kuwasha tena, globu ilikuwa kama jicho la mgonjwa, na tano imeanza kuiva. Nikaitoa, nikaweka sita. Hovyo. Nikaweka tisa. Hovyo. Nikaendelea kubadilisha mpaka alasiri ikaingia, na mara, tatu na kumi zikang'aa kuliko zote. Nikaandika kwenye daftari: tatu na kumi, safi kabisa. Kesho yake saa tano asubuhi, tatu na kumi zikawa hazijuani.

Lile daftari ninalo mpaka leo, na nalificha. Ni ukurasa juu ya ukurasa wa ndoa na talaka. Ubaya ni kwamba nilikuwa naandika na saa, kwa kuwa bwana alisema fundi huandika saa. Tatu na tano, nzuri, saa saba na robo. Tatu na tano, mbaya, saa tisa. Tatu na kumi, safi, saa kumi. Saba na mbili, nzuri, saa kumi na mbili na nusu. Mtoto wa madrasa angeusoma ukurasa ule mara moja akajua. Mie niliyeuandika kwa mkono wangu nilizidi kuamini kwamba valvu za jeshi zina wivu.

Mke wangu aliniletea chai. "Mama anauliza kama hao wachumba wako wamepata kufu."

"Mwambie bado wanachunguzana."

Siku ya tatu au ya nne ya wiki ya pili akaja tena. "Mama anasema chombo chako kinafuata sala."

"Kinafuata nini?"

"Sala. Ndivyo alivyosema. Anasema akimaliza kusali akichungulia, kile kitaa kinawaka. Akikaa kidogo kinalala."

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Jioni nikaupeleka utani huo barazani, kwamba mama mkwe wangu ameisilimisha amplifaya, na wanywa kahawa nao wakacheka, mmoja akauliza kama imekwisha kutahiriwa. Nakumbuka nilivyokaa pale nimekunja nne katika kile kilichobaki cha koti la jeshi. Namkumbuka mtu yule, mie mwenyewe, na ninatamani kumzaba kofi.

Kuelekea Jumamosi yenyewe nilikuwa nimekonda. Valvu mbili zilikuwa zimekufa mkononi mwangu. Usingizini niliota meza ya dirishani, na mpwa wa Unguja ameikalia akichomea lehemu kwa mkono usiotetemeka, nami nafagia chini ya kiti chake, naye anainua miguu ili nipite. Nilichoogopa hasa si mpwa. Niliogopa mama mkwe ajue kwamba alimwoza binti yake mbeba betri.

Ijumaa jioni, katika kujitia ufundi, nikatoa amri. Nilimwambia mke wangu amwambie mama kwamba umeme na maji havipatani, kwamba kesho ni siku ya hatari, na kwamba tangu sasa mpaka nimalize asitokee mtu kumwaga hata tone la maji uani. Kutawadha kufanyike kwa jirani.

Mke wangu alinitazama. "Unamfukuza mama kwenye jiwe lake?"

"Ni kwa usalama wake."

Alikwenda, akarudi. "Amesema haya."

Jumamosi jua lilikuwa kali toka asubuhi. Saa saba, mama mkwe akatoka na kanga yake kwenda kutawadha kwa jirani, mguu wake mbovu ukiburuta mchanga, nami nikainamisha macho kama mkwe mwema. Nilichagua tatu na saba, ndizo zilizolingana vizuri zaidi kwenye mita. Majirani wawili watatu walikuja kutazama wakakaa kwenye mkeka. Saa tisa na nusu nikaliamsha jenereta, nikawasha mtambo, nikaacha upate joto, nikazungusha kifundo cha kwanza.

Sindano haikuanguka. Nikazungusha cha pili. Globu ilikuwa imekufa. Sikupata kuiona imekufa namna ile wiki zote tatu, hata siku mbaya kabisa. Nikabadili tatu, nikaweka kumi, nikaungua vidole, nikairudisha tatu. Jasho lilinitoka mpaka likanidondokea kwenye daftari. Saba ikaanza kuiva, nyekundu ya damu ya mzee, kisha nyekundu ya embe, na mmoja wa majirani akasema, "Naam, sasa inawaka." Nikazima upesi isife.

Zilibaki dakika chache kufika saa kumi. Nilikaa na mikono magotini. Huko Lindi mtu alikuwa amevaa visikizio masikioni akiningoja, na mie sikuwa na la kufanya tena. Nilitamani mtu mwenye kujua asimame mbele yangu, nimgeuzie mgongo, achomeke waya zake.

Ndipo mama mkwe akatoka chumbani. Mguu ulimkataza kwenda kwa jirani mara ya pili. Hakuniangalia, wala hakumwambia binti yake aniambie kitu. Alivuta kanga, akapita ukutani, akaketi kwenye jiwe lake, akachota maji mtungini kwa kata, akaanza kutawadha.

Nilitaka kupiga kelele. Kwa adabu nikawasha mtambo tena ili nisimtazame akinawa. Alisukutua, akanawa uso, akanawa mikono mpaka viwikoni. Maji yalitiririka kwenye mchanga mkavu, yakaikuta nondo. Globu ikafumbua jicho. Alipopaka kichwa na kufika miguuni, sindano ya mita ikashuka yenyewe kama mtu anayekaa kitini, na globu ikawaka, ikawaka, mpaka majirani wakainuka mkekani.

Nikaitazama globu. Nikalitazama jiwe. Nikaitazama nondo yangu niliyoichimbia pale kwa uvivu, na wiki tatu zote zikanipita kichwani: saa saba na robo, saa kumi, saa kumi na mbili na nusu. Ardhi kavu ilikuwa hainywi umeme, na ardhi iliyolowa ilikuwa inanywa, na valvu, maskini, hazikuwa na kosa lolote. Nilizitaliki bure.

Saa kumi kamili nikagonga ufunguo, kile kidude cha nukta na vistari. Niliita mara tatu. Kutoka Lindi likarudi jina langu, wazi, kama mtu aliyekaa chumba cha pili. Nilipoanza kujibu, mchanga ulikuwa tayari unakunywa maji na globu inashuka. Sikuthubutu kusema. Nilimtazama mke wangu tu, na mke wangu akamtazama mama yake, na mama mkwe, ambaye udhu wake ulikwisha kitambo, akachota kata nyingine akaanza miguu upya. Sheria inasema mara tatu, na zaidi ya hapo ni israfu, kufuja maji. Alinawa miguu ile mpaka mtungi ukakwangua chini. Muda wote huo midomo yake ilikuwa inachezacheza, na sijui alikuwa anasoma dua au anajizuia kucheka.

Bwana aliuliza kutoka Lindi: ni jozi gani hiyo?

Nikagonga: tatu na saba.

Jioni nilimwambia mke wangu, "Mwambie mama ahsante." Jibu lilirudi kabla sijaweka kikombe chini: "Amesema alikwisha kukwambia."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa na urefu wa siku tisa. Siku ya kumi bwana alirudi, meli ya Lindi ikiwa imemchelewesha, akaja moja kwa moja Temeke, amefurahi, amenishika bega. Alitaka kuiona jozi ya ajabu, kisha aichukue akaifungie boksi maalumu. Ilikuwa saa nane unusu, jua la kukaushia samaki, na mama mkwe alikuwa ametawadha tangu adhuhuri. Niliwasha mtambo kwa mikono mizito. Globu ikatoa kawekundu kadogo, ikakaa hivyo.

"Hizi ndizo?" aliuliza.

"Ndizo, bwana."

Alizungusha vifundo mwenyewe. Alikuwa fundi wa kweli, na sindano haikumsikiliza hata yeye. Akanigeukia, akangoja. Mke wangu alikuwa mlangoni na mama yake nyuma yake, na wote walikuwa wanasikia. Nilikuwa na hotuba tayari juu ya joto na valvu za jeshi, nimeipanga tangu Jumamosi ile. Nilifungua kinywa nikasema, "Mwambie mama naomba maji."

Mke wangu aligeuka, akarudi. "Mtungi mtupu."

Basi nikachukua ndoo, nikatoka nayo barabarani mchana kweupe. Mtaa mzima uliniona, fundi wa simu ya upepo katika foleni ya bomba kati ya wasichana. Nilirudi nayo begani inamwagika shingoni. Nikaimimina yote kwenye jiwe, na mbele ya macho ya bwana globu ikapanda mpaka ikaumiza macho.

Aliinama akaigusa nondo kwa kidole. "Nani aligundua?"

"Mama mkwe wangu. Alinitumia salamu wiki ya pili. Mie nikamcheka."

"Na Burma?"

Sikugeuka kuwatazama wale wa mlangoni. "Burma nilibeba betri, bwana."

Alitazama nondo, akatazama jiwe lililolowa, akajipapasa kidevu. Akasema kwamba yeye mwenyewe, dukani, miaka yote ile, alikuwa anabadilisha valvu, na waya wake wa ardhi ulikuwa umefungwa kwenye debe la mchanga mkavu. Hakucheka. Alipoondoka aliniambia niwahi kesho, saa moja, niifute meza ya dirishani kisha nikae.

Nilipaswa kuruka kwa furaha. Sikuweza, kwa sababu nilikuwa nimesimama uani nimelowa, nimebaki na aibu yangu hadharani, na nilijua kwamba nyuma yangu kuna mwanamke aliyewakataa wachumba wawili kwa ajili ya fundi. Nilingoja mke wangu aniletee salamu. Hakuja. Nikasikia mguu mbovu unaburuta mchanga, na badala ya kupita ukutani ukaja ukasimama karibu yangu. Nikainamisha macho. Niliona ncha ya kanga na vidole vyake vya miguu, vile alivyovinawa kwa ajili yangu mpaka vikakunjamana.

"Mwanangu," alisema, mwenyewe, kwa sauti yake, "alasiri inakaribia na maji yote umeyamwaga. Lete ndoo nyingine."